Uchungu wa Mwana: Mzazi Hutoa, au Huchukuliwa?

Mwezi wa Novemba ukifika hapa Uingereza, watu hubandika ua jekundu la karatasi kifuani kuwakumbuka waliokufa vitani. Watoto wetu hurudi nalo kutoka shule, nasi wazazi huwauliza wamefundishwa nini. Wengi hujibu kwa maneno waliyoyasikia kwa mwalimu, kwamba watu wale walijitoa mhanga ili sisi tuishi kwa amani. Basi tunatikisa vichwa, tunapakua chakula, na mazungumzo yanaishia hapo.

Novemba iliyopita hayakuishia hapo. Tulikuwa tumekusanyika katika ukumbi tunaoukodi kila mwezi, akina mama wako jikoni na wanaume wanapanga viti, pale mama mmoja wa jumuiya yetu alipotoa karatasi kwenye mkoba wake na kuiweka mezani. Mwanawe wa kwanza yumo katika jeshi la hapa kwa miaka minne sasa. Wa pili, ambaye ndiye kitinda mimba, ana miaka 17, naye anataka kumfuata kaka yake. Kwa taratibu za nchi hii kijana anaweza kuandikishwa jeshini akiwa na miaka 16, ila kama hajatimiza 18 ni lazima mzazi aridhie kwa maandishi. Mama yule akatuuliza: "Wenzangu, nikikataa kutia saini nitakuwa mbinafsi? Na nikitia, kisha likatokea la kutokea, si nitakuwa nimemtoa mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe?"

Hapo ukumbi uligawanyika. Mzee mmoja, ambaye mwaka 1978 alikuwa askari wa Tanzania katika vita vya Kagera, alisema: "Mwanangu, kama mama zetu wote wangetuzuia siku ile majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, nani angeikomboa Kagera? Mama yangu alilia, lakini alinisindikiza mpaka barabarani." Dada mmoja akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, na tunawashukuru. Lakini ile ilikuwa nchi yetu imevamiwa. Huyu anakwenda kupigana wapi, na kwa ajili ya nani?" Mwingine akasema kijana wa siku hizi ukimzuia leo atakwenda kesho, tena bila radhi yako. Chai ilipoa vikombeni na hatukuafikiana. Tukaahidi kwamba tutaliandika jambo hili katika ukurasa huu, na hii ndiyo ahadi yetu tunayoitimiza.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatudai kuujua uchungu wa mama yule kuliko yeye. Ila tumeona tuanze na wazazi ambao jambo analoliogopa liliwafika, tena si mara moja.

Mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la Lincolnshire, kuna kijiji kidogo kiitwacho Friesthorpe. Kasisi wa kijiji hicho, Prince William Thomas Beechey, na mkewe Amy, walijaaliwa watoto 14, wavulana 8 na wasichana 6. Kasisi alifariki mwaka 1912, na mjane wake akahamia mjini Lincoln. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wavulana wote 8 walikuja kuvaa sare, mmoja baada ya mwingine.

Barnard, wa kwanza kwa kuzaliwa, aliuawa huko Loos, Ufaransa, tarehe 25 Septemba 1915. Frank alifariki Novemba 1916 katika mapigano ya mto Somme. Harold, ambaye kabla ya vita alikuwa mhamiaji kama sisi, amekwenda Australia kutafuta maisha, aliingia vitani na jeshi la Australia na kuuawa huko Bullecourt mwezi wa Aprili 1917. Charles, aliyekuwa mwalimu, aliuawa tarehe 20 Oktoba 1917. Leonard akafariki hospitalini huko Rouen mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Ndugu mwingine, Christopher, alijeruhiwa huko Gallipoli na kubaki na kilema maisha yake yote. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili na miezi mitatu mama yule alipokea habari ya msiba mara 5, na kati ya hizo 3 zilikuja ndani ya mwaka mmoja.

Mwezi wa Aprili 1918 Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walizuru mji wa Lincoln, na Amy Beechey alipelekwa mbele yao. Inasimuliwa kwamba Malkia alipomshukuru kwa sadaka aliyoitoa, yeye alijibu kuwa haikuwa sadaka, kwa sababu hakuwatoa wanawe kwa hiari yake.

Tumekaa na jibu hili kwa muda mrefu. Mjane wa kasisi wa kijijini, amesimama mbele ya Mfalme wa dola iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, na anachotakiwa kufanya ni kupokea shukrani tu. Lakini aliona shukrani ile ina neno lisilo la kweli ndani yake, akalikataa. Hakusema wanawe walikosea. Hakusema vita ni upuuzi. Alisema tu kwamba msinishukuru kwa kitu nisichokitoa.

Hapa lugha yetu inaweza kutusaidia kuliko Kiingereza. Katika Kiswahili tunajua vizuri tofauti ya kutoa, kujitoa na kutolewa. Anayejitoa ni yule mwenye roho yake. Anayetoa ni yule mwenye mali yake, akaitoa kwa ridhaa. Anayetolewa hana kauli. Na liko neno la nne, kuchukuliwa, ambalo hatupendi kulitaja siku za kumbukumbu. Wanasiasa wakisimama mbele ya mnara wa mashujaa husema kwamba wazazi wetu "walitoa" wana wao. Lakini mtoto si ng'ombe wa baba yake wala shamba la mama yake. Harold, yule wa Australia, alikuwa katika jeshi ambalo wakati wa vita vile lilikuwa la watu wa kujitolea watupu, kwani raia wa nchi hiyo walipiga kura mara mbili, mwaka 1916 na mwaka 1917, kukataa vijana wasilazimishwe kwenda kupigana ng'ambo. Basi Harold alijitoa. Mama yake hakumtoa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna linaloliharibu lingine. Ushujaa wa mwana hauhitaji idhini ya mama ili uwe ushujaa, na uchungu wa mama hauhitaji kugeuzwa zawadi ili uwe na heshima.

Tukishalikubali hilo, linazuka swali la pili, nalo ndilo lililomtoa mama wa jumuiya yetu machozi. Kwa nini hofu yake kwa mtoto wa pili ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa wa kwanza? Je, vifo vitano katika nyumba moja ni vibaya kuliko vifo vitano katika nyumba tano?

Wapo wanaosema hapana. Kila roho ni roho. Yule aliyekufa peke yake katika familia yake naye alikuwa na jua lake na kesho yake, na mama yake naye analala macho. Hoja hii ina nguvu, wala hatuwezi kuidharau. Ila tutazame mambo yalivyokwenda kwa familia ya Sullivan, ya mji wa Waterloo katika jimbo la Iowa, Marekani.

Ndugu hawa walikuwa watano, George, Francis, Joseph, Madison na Albert. Baada ya Wajapani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor mwezi wa Desemba 1941, waliingia jeshi la majini kwa sharti moja, kwamba wasitenganishwe. Jeshi lilikuwa halipendi ndugu wawe katika meli moja, lakini halikulazimisha, nao wakapewa walichotaka. Wote watano wakapangwa katika manowari moja, Juneau. Tarehe 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, nyambizi ya Kijapani iliipiga manowari hiyo, ikalipuka na kuzama mara moja. Ndani yake walikuwemo watu wapatao 700. Waliosalimika majini walikaa siku nyingi bila kuokolewa, wakifa kwa majeraha, kiu, jua na papa, hata mwishowe wakapatikana 10 tu. George, mkubwa wao, hakufa siku ile. Kwa mujibu wa waliopona, aliishi siku kadhaa akielea, akiwatafuta wadogo zake, kisha naye akapotea. Wazazi wao, Thomas na Alleta, walifikiwa na habari mwezi wa Januari 1943, na baba yao, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, inasimuliwa kwamba alikwenda zamu yake siku ile ile. Albert, mdogo wao, aliacha mjane na mtoto mchanga.

Sisi tuna methali isemayo, kifo cha wengi arusi. Tumezoea kuitumia kuwafariji watu waliopatwa na janga la pamoja, kwamba afadhali kufa na wenzako kuliko kufa peke yako. Na kwa hakika ndivyo walivyoona wale ndugu watano. Waliona woga unapungua ukiwa na ndugu ubavuni. Nani kati yetu hajui jambo hilo? Sisi wenyewe tulipokuja huku ughaibuni, si tulitafuta kwanza mtaa wenye watu wa kwetu? Si tuliitana, kaka akamwita mdogo, mdogo akamwita binamu, hata tukajaa katika kazi moja na jengo moja?

Lakini methali ile ni methali ya wanaokufa. Si ya wanaobaki. Kwa wale waliomo chomboni, huenda kifo cha wengi ni arusi. Kwa mama aliyekaa barazani, kifo cha wengi ni kilio kisicho na wa kukipokea. Na hapa ndipo jibu la swali letu lilipo, kama tunavyoliona. Mtu akifiwa na mwana mmoja, ndugu wa marehemu ndio wanaombeba. Mmoja anakwenda kuchimba kaburi, mwingine anapokea wageni, mwingine anakaa na mama usiku asidhurike. Baada ya miezi, huyu wa pili ndiye atakayempa mwanawe jina la marehemu. Wakifa wote, msiba umeondoka na watu wa kuubeba. Kwa hesabu ya serikali watano ni watano, popote walipotoka. Kwa hesabu ya nyumba, kifo cha pili ni kikubwa kuliko cha kwanza, kwa sababu kimemkuta mfiwa amepungukiwa msaidizi mmoja.

Kwa hiyo mama yetu si mbinafsi akiogopa zaidi mara ya pili. Anajua kuhesabu vizuri tu.

Na serikali zenyewe, mara chache, zimekubali hesabu hiyo. Katika mji wa Barnard Castle, kaskazini mwa Uingereza, mama aitwaye Margaret Smith alifiwa na wana 5 katika vita vile vile vya kwanza. Akabaki mmoja jeshini, Wilfred. Mke wa kasisi wa hapo aliandika barua kwa Malkia Mary, na Wilfred akarudishwa nyumbani. Aliishi hadi mwaka 1972. Marekani nayo, baada ya misiba kama ya akina Sullivan, iliingiza katika sheria yake mwaka 1948 kinga kwa mwana aliyebaki peke yake. Sheria hiyo imeendelea kurekebishwa. Katika vita vya Iraq ndugu wawili wa familia ya Hubbard ya California, Jared na Nathan, waliuawa, mmoja mwaka 2004 na mwingine mwaka 2007. Kaka yao Jason aliruhusiwa kutoka jeshini, lakini akajikuta amenyimwa haki kadhaa za askari aliyemaliza muda wake, kana kwamba alikimbia kazi. Ilibidi Bunge la nchi hiyo lipitishe sheria nyingine mwaka 2008 kuliweka sawa jambo hilo.

Tunaposoma habari za Wilfred, mioyo yetu inafurahi. Hata hivyo tusiikwepe hoja ya yule mzee wetu wa Kagera, maana hapa ndipo inapouma. Wilfred alipotolewa mstari wa mbele, nafasi yake haikubaki tupu. Vita havikusimama kwa sababu mama Smith amebakiwa na mmoja. Alipelekwa mtoto wa mama mwingine, ambaye labda hakuwa na mke wa kasisi wa kumwandikia barua. Je, huruma aliyofanyiwa mmoja haikuwa dhuluma kwa mwingine?

Tumelifikiri jambo hili na tunaona kwamba si dhuluma, kwa sharti moja. Mzigo wa wengi hugawanywa kwa haki pale kila mmoja anapobeba kadiri ya uwezo wake. Tukichanga pesa za kusafirisha maiti ya mwenzetu kwenda kuzikwa nyumbani, jambo ambalo jumuiya hii imelifanya mara nyingi, hatumwendei aliyefiwa mwenyewe tukamdai mchango sawa na wengine. Hakuna anayelalamika kwamba ameonewa. Tunajua kuwa yeye ameshatoa, au tuseme ameshachukuliwa, kuliko sote. Ndivyo ilivyo kwa mama aliyefiwa na watano. Kumwachia wa sita si upendeleo. Ni kukiri kwamba zamu yake imepita. Na sharti lenyewe ni kwamba huruma hiyo iwe haki ya kila mama aliye katika hali hiyo, si bahati ya yule mwenye mtu wa kumwandikia Malkia.

Sharti hilo linatufikisha kwetu, na tunawaomba wasomaji wavumilie, kwa maana safari hii ilikuwa inaelekea hapo tangu mwanzo.

Tulisema kwamba Charles Beechey aliuawa tarehe 20 Oktoba 1917. Hatukusema wapi. Hakufia Ufaransa kama ndugu zake. Alifia kwetu, katika nchi iliyoitwa wakati ule Afrika Mashariki ya Wajerumani, siku zile zile ambapo mapigano makali ya Mahiwa yalikuwa yametoka kupiganwa katika nyanda za Lindi. Kaburi lake liko Dar es Salaam, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya njia iendayo Bagamoyo. Wengi wetu tulioishi mji ule tumepita pale kwa daladala mara mia, tukaona majani yamekatwa vizuri na mawe yamejipanga, tusiulize walala nani. Yule mwalimu wa Lincolnshire amelala pale, mtoto wa mama aliyemjibu Malkia.

Sasa tumuulize Charles kwa heshima: mwalimu, chakula chako nani alikibeba? Risasi zako nani alizibeba kutoka bandarini hadi porini, katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi na nyumbu, na ambako magari yalizama kwenye matope? Jibu tunalijua. Walizibeba wapagazi, watu kwa malaki, waliokusanywa kutoka pwani na bara, Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasa, Kongo na kwingineko, na kila upande wa vita ulikuwa na wake. Wachache walikwenda kwa ujira. Wengi walikamatwa vijijini na kufungwa kamba. Walikufa kwa kuhara, homa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kambi zao ndizo zilizotuachia jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaani yale maneno ya Kiingereza ya Jeshi la Wapagazi yaliyolainishwa na ndimi zetu. Tunanunua nyanya na vitenge juu ya jina la msiba.

Je, kati ya wale hawakuwemo ndugu wa tumbo moja? Mkusanyaji alipoingia kijijini, nyumba yenye vijana watatu wenye mabega mapana ndiyo aliyoipenda kwanza. Hatuwezi kutaja hata nyumba moja kwa jina, kwa sababu hakuna aliyeandika. Mama Beechey aliletewa habari mara tano. Mama zetu hawakuletewa hata mara moja. Walikaa wakitazama njia mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekuja kuwaambia waache kutazama. Amy alipata nafasi ya kumwambia Malkia kwamba hakuwatoa wanawe kwa hiari. Hawa hawakuulizwa, wala hawakushukuriwa ili wapate cha kukataa.

Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya askari wa shaba, ameelekeza bunduki yake yenye singe upande wa bandari. Ilizinduliwa mwaka 1927, na chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Inawaheshimu wote kwa jumla, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2021, miaka zaidi ya mia moja baada ya vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ilhali sera ya tume hiyo tangu kuanzishwa ilikuwa kwamba waliokufa wakumbukwe sawa bila kujali cheo wala asili. Huko kuomba radhi ni jambo jema. Lakini jina ambalo halikuandikwa mwaka 1917 haliwezi kuandikwa leo, kwa kuwa aliyelijua naye amekwisha kufa.

Pengine msomaji atasema tumechanganya mambo, tukaanza na mama na karatasi yake, tukaishia kwa wapagazi. Sisi tunaona ni jambo moja. Ubaya haukuwa kwamba watu walikufa vitani tu, maana ziko vita ambazo mtu mwenye akili timamu anaweza kusema zilibidi, na mzee wetu wa Kagera ametukumbusha hivyo. Kila tarehe 25 Julai Watanzania huwakumbuka mashujaa wao, na walalao katika makaburi ya Kaboya, huko Muleba, wanastahili. Ubaya ni pale watawala wanapogeuza kuchukuliwa kuwa kutoa. Mpagazi aliyefungwa kamba anaitwa "mtumishi mwaminifu". Mama aliyenyang'anywa watano anaitwa "mama aliyetoa sadaka". Neno zuri linafunika jambo, na likishafunikwa, hakuna atakayeuliza kama lilikuwa la lazima, na nani alipaswa kulibeba, na kama waliolibeba walibeba sawa na wengine.

Basi tumwambie nini mama yetu?

Hatuwezi kumwambia atie saini, wala asitie. Karatasi ni yake. Lakini tunaweza kumtenganishia mambo mawili ambayo alikuwa ameyafunga pamoja, na huenda ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Lipo jambo la kutoa radhi, na lipo jambo la kutoa mtoto. Radhi ni ya mzazi, na ni haki yake kuitoa au kuizuia. Sisi tuliolelewa katika mila zetu tunajua uzito wake: kijana anayeondoka bila radhi ya mama huondoka mguu mmoja. Lakini mtoto si wake kumtoa. Akimpa radhi, hajamtoa. Anamsindikiza tu, kama mama wa yule mzee alivyomsindikiza mwanawe mpaka barabarani huku akilia. Na kama litatokea la kutokea, Mungu aepushe, mtu yeyote mwenye cheo atakayekuja kumshukuru kwa alichokitoa, ana ruhusa yetu ya kumjibu kama alivyojibu Amy Beechey.

Tulimpelekea mawazo haya kabla ya kuyachapisha, kwa sababu ni habari yake na tusingependa aisome pamoja na watu wengine. Alitukaribisha ndani, akatupikia, akasoma kimya. Kisha akasema ameshaamua tangu juma lililopita. Hatatia saini. Kijana atasubiri miezi iliyobaki mpaka atimize miaka 18, ndipo aende mwenyewe kwa mkono wake, kama bado anataka. "Siku hiyo nitampa radhi yangu yote, na dua, na chakula cha njiani," alisema. "Lakini saini yangu hapana. Wasije wakasema nilimtoa."

Yule kijana alikuwa amekaa chumba cha pili na bila shaka alisikia kila neno. Alitoka, akatuamkia, akachukua sahani zetu kuzipeleka jikoni. Kaka yake alikuwa kwenye simu kutoka kambini, akiuliza mama amepika nini.

Mzee wetu wa Kagera bado hajaridhika. Anasema mama akingoja miaka 18 amekwepa swali tu, hajalijibu, maana siku ile ya miaka 18 itafika. Huenda ana haki. Tumemwomba aandike majibu yake kwa toleo lijalo, naye amekubali. Na ninyi wasomaji, mlioko Muscat, London, Minneapolis na kwingineko, hasa mlio na wana au mabinti katika majeshi ya nchi mnazoishi, tunaomba mtuandikie. Na kama katika ukoo wenu kuna jina la babu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita na hakurudi, liandikeni hilo kwanza.